Shati Lililopiga Mnada

Watu wa mtaa ule walimwita Honi, na jina hilo hakupewa bure. Alikuwa dalali wa mnada, wa kunadi mali za maduka yaliyofungwa, viti vya ofisi vilivyochoka, majokofu, makabati, na siku moja jeneza jipya kabisa ambalo mgonjwa wake alipona akalikataa. Kipaza sauti hakukitaka. Alisema kile ni kifaa cha watu wenye vifua vya karatasi. Alisimama juu ya kreti, akafungua mdomo, na barabara nzima ikajua bei ya kabati.

Wapo watakaosema natia chumvi. Haya, niongeze nyingine. Siku moja alikuwa akinadi jokofu, na ng'ambo ya barabara kulikuwa na mtu kwenye kiti cha kinyozi. Kinyozi akamwinamisha kichwa amnyoe kisogo. Honi, kutoka kule alikokuwa, akaona kichwa kimeinama, akahesabu kwamba ni bei, akapiga nyundo. Yule bwana alirudi kwake na nywele nusu na jokofu zima. Na alilipa, maana Honi alipokuambia umenunua, hata wewe mwenyewe uliamini.

Lakini usidhani alikuwa mdomo mtupu. Dalali wa kweli anauza kwa macho. Honi alijua kusoma mikono kama wengine wanavyosoma magazeti: huyu anayekuna sikio bado ana pesa mfukoni, huyu anayeangalia saa anajifanya, na huyu aliyekunja mikono kifuani amemaliza, mwache. Alikuwa na desturi moja hakuivunja hata kwa mvua. Nyundo ya kwanza alipiga, ya pili alipiga, kisha akanyamaza. Akatazama safu ya nyuma, mahali anapokaa mnunuzi mwenye aibu, akampa nafasi yake. Ndipo ya tatu. Kupiga ya tatu bila kutazama nyuma, kwake huo ulikuwa wizi.

Hata mke alimpata mnadani. Ilikuwa siku ya cherehani za kiwanda kilichofilisika. Wanunuzi wakawa wanapandisha mikono na kuishusha, isipokuwa mwanamke mmoja aliyeinua wake akauacha huko huko juu, huku anatazama pembeni kama mtu anayesubiri basi. Honi akamwambia, "Mama, ukishataja bei unashusha mkono." Akajibiwa, "Nitaushusha ukishanipa cherehani." Wenzake wakachoka mmoja mmoja. Cherehani akaipata, na dalali akampata juu yake. Tangu siku hiyo Honi hakumwita kwa jina jingine ila Mkono Juu.

Sasa, kiharusi. Kilimkuta anafunga kamba za viatu. Mkono wa kulia ukagoma, mguu wa kulia ukafuata, na ulimi ukawa mzito kama umefungiwa jiwe. Aliporudi kutoka hospitali alijaribu kuomba maji, ikamtoka sauti ya bomba lililokatiwa huduma: mguno, mkoromo, upepo. Honi akaisikia. Akaapa moyoni kwamba hiyo haitoki tena mbele ya mtu. Mwanamama wa mazoezi alipokuja kumwambia atamke a, e, i, yeye alitazama dari mpaka mgeni akafungasha. Kama si sauti ile, basi hakuna sauti. Kiburi hakikupatwa na kiharusi, ndugu zangu. Kilibaki kizima pande zote mbili.

Walikaa chumba cha ghorofani, dirisha linatazama barabara. Karakana ya Mkono Juu ilikuwa ng'ambo, chini, mlango mpana, cherehani mbele, meza ya kukatia nyuma. Asubuhi alimwosha mumewe, akamlisha, akamgeuza, kisha akavuka barabara kwenda kushona, na mchana kutwa akawa anavuka na kurudi, tepu ya kupimia shingoni. Mdogo wake Honi, ambaye zamani alikuwa mbebaji wake wa mizigo mnadani, akaleta kengele ya betri, ile ya kubonyeza huku ikalia kule. Ikafanya kazi vizuri mpaka siku betri zilipokufa bila kuaga.

Siku hiyo Honi alinyoosha mkono achukue kikombe, akateleza kutoka kitandani. Akalala shavu kwenye saruji, anatazamana na ndala zake chini ya kitanda. Alibonyeza kengele mpaka kidole gumba kikawa cheupe. Ng'ambo, Mkono Juu alikuwa anashona sare za shule na kumwambia mteja kwamba leo mume wangu ametulia, hajaita hata mara moja. Alimkuta pale sakafuni alipompelekea chakula cha mchana.

Kengele ya waya nayo walijaribu, waya mrefu kutoka chumbani hadi karakanani. Waliuvusha juu ya barabara, na lori la magodoro likaondoka nao. Simu nayo walimpa, ile ya kugusa kioo. Mkono wake wa kushoto ulikuwa haujawahi kufanya kazi ya maana maishani. Kila alipogusa jina la mkewe alimpigia fundi bomba. Mwisho aliitupa ukutani, na hilo, mkono wa kushoto ulilifanya kwa ustadi.

Habari za kuanguka zikamfikia Dada Mkubwa. Huyu ndiye kifungua mimba wa nyumba ya kina Honi, mwanamke aliyestaafu usimamizi wa bweni la wasichana, na alistaafu kazi tu, usimamizi alirudi nao nyumbani. Alikaa mbali, safari ya kutwa kwa basi. Alikuwa na chumba cha uani chenye hewa na msichana wa kusaidia. Akatoa tamko: mdogo wake atakwenda kukaa kwake. Wifi kama anataka kuja, aje, lakini cherehani zake zote na wateja wake hawataingia kwenye basi. Alisema kwa upendo, tusimwonee. Ndiye aliyembeba Honi mgongoni mama yao alipokuwa sokoni, na hilo la "atakufa sakafuni huyu" alilirudia mara tatu. Kikao cha ukoo kikapangwa Jumapili.

Honi alitikisa kichwa kukataa. Wakasema amechoka, alale.

Ndipo akaingia binti wa yule mdogo wake mbebaji, anayesomea umeme, ambaye ukoo mzima ulimwita Chuo. Alikuja na kidude kidogo kama ukucha na kibiringo cha uzi wa shaba. Akakaa ukingoni mwa kitanda, akamwuliza, "Baba mkubwa, ukiwa na kioo, na jua linawaka, unahitaji tochi ili kummulika mtu wa ng'ambo?"

Honi akatikisa kichwa.

"Basi. Jua letu lile pale." Akaonyesha dirishani, kilimani, ulipo mnara wa redio. Akaeleza kwamba mawimbi ya mnara ule yanapita humu ndani usiku na mchana, yanapita kwenye kuta na kwenye vifua vya watu bila kubisha hodi. Uzi wa shaba ukitandazwa vizuri ni kioo cha mawimbi. Kidude kinakifungua na kukifunga kioo hicho upesi mno, na mawimbi yanayorudi yanakuwa yamesogezwa kidogo, yanaangukia mahali patupu kwenye redio, pasipo na stesheni yoyote. Mtu wa ng'ambo akiiweka redio yake hapo patupu, atasikia mvumo tu, hadi wewe ubonyeze, hapo ataisikia stesheni ya mnara.

Mkono Juu, aliyekuwa mlangoni, akauliza betri inakaa wapi. Maana kwa betri alikuwa amekoma.

"Haina, mama mkubwa. Yenyewe haitangazi chochote, inarudisha tu cha mwenzake, kwa hiyo inakula kidogo sana, na hicho kidogo inakidokoa kwenye mawimbi hayo hayo. Betri ni mnara."

Zaidi ya hapo usiniulize. Shule niliishia walipoanza kuchanganya herufi na namba, na niliondoka kwa heshima zangu zote. Ila Honi alielewa neno moja na likamkaa: watu wa mnara wanampita kifuani kila siku bila ruhusa yake, na sasa amepata namna ya kuwatoza ushuru.

Chuo alitaka kuubandika uzi ule kwa gundi ukutani. Mkono Juu akamnyang'anya kibiringo, taratibu, kama anavyowanyang'anya wateja mkasi. Akachukua shati la mumewe la mikono mirefu, akalegeza mguu wa cherehani ili shaba isikatike, akaushona uzi kifuani toka bega hadi bega, kwenda na kurudi, mshono wa hudhurungi kama ramani ya mto. Kidude akakitia kwenye mfuko mdogo wa plastiki uliozibwa kwa moto, na kifungo cha kubonyeza akakiweka mwisho wa utepe mfupi unaoshuka hadi kwenye kiganja cha kushoto.

Wakajaribu. Redio ya karakana ilikuwa inavuma hapo patupu. Honi akabonyeza. Mvumo ukakatika, ikatoka sauti ya mtu, safi, akisoma habari za bei ya saruji. Akaachia, mvumo ukarudi. Mkono Juu akavuka barabara mbio, akapanda ngazi anacheka, akamweleza mumewe ni sauti ya nani.

Honi akakunja uso. Alimjua msoma habari huyo na alimdharau kwa miaka: mtu anayesoma kama anaogopa kumwamsha mtoto. Kati ya sauti zote za duniani, ameazimwa hiyo. Akatazama dari. Kisha kidole gumba, chenyewe, kikabonyeza tena.

Baada ya siku chache walikuwa na lugha yao. Mbonyezo mfupi, maji. Mrefu, njoo upesi. Mifupi ya haraka haraka maana yake hakuna shida, nilitaka tu utokeze mlangoni nikuone. Hiyo ya mwisho aliitumia kuliko zote, mpaka Mkono Juu akawa anatoka na sindano mdomoni, anamtikisia mkasi.

Tatizo shati lilikuwa moja. Honi hakukubali livuliwe, hata la kulalia likawa hilo, na wewe unajua shati la mgonjwa likikataa kuvuliwa linavyokuwa. Kufikia Jumapili lilikuwa na harufu ya kujitegemea.

Mpango wa kikao ulikuwa huu: ukoo ungekaa karakanani, kwa kuwa chumba ni kidogo. Mkono Juu angewaambia wasikilize redio, angetoka mlangoni na kuashiria, na Honi angebonyeza. Dada Mkubwa angeona kwamba mgonjwa haachwi bila sauti, maneno yaishe. Dada Mkubwa mwenyewe alikuwa amesikia juujuu kwamba Chuo ametengeneza dubwana la redio. Akilini mwake lilikuwa sanduku. Shati hakuambiwa.

Basi alifika mapema, Mkono Juu akiwa ng'ambo anapanga viti. Akapanda, akambusu mdogo wake, akanusa. Mwanamke aliyelinda usafi wa bweni zima hawezi kumwacha ndugu yake aonwe na ukoo katika hali ile. Akaanza kumvua. Honi akafumba ngumi. Dada Mkubwa akaifumbua, kidole kwa kidole, kama alivyofanya zamani akimkuta ameiba sukari. Lile la shaba aliona ni viraka vya ovyo, akamwonea huruma, akaguna. Shati likaingia kwenye beseni la sabuni, likasuguliwa, likakamuliwa kwa mikono iliyowahi kukamua mablanketi, likatundikwa mgongoni mwa kiti. Honi akavishwa pajama mpya za mistari, zimepigwa pasi, zimefungwa vifungo hadi kooni.

"Umependeza," akasema, akamsogeza na kiti chake. "Kaa dirishani upate hewa. Sisi tunazungumza kule tusikusumbue."

Akavuka barabara.

Honi akabaki dirishani, amefungwa kama zawadi. Neno lolote la kule halikumfikia, ila mikono aliiona yote, na mikono ndiyo kazi yake. Alimwona mkewe akinyoosha kidole kwenye redio, watu wote wakainamisha shingo kusikiliza. Alimwona akitoka mlangoni, akiinua uso kwa furaha hadi dirishani, na furaha ikamtoka alipoona mistari ya pajama. Akataka kuvuka, mdogo mtu akamshika bega: kaa kwanza, shemeji, tumalize. Chuo akawa anazungusha kitufe cha redio huku na huku, kisha akairudisha pale pale patupu. Kisha viganja vya Dada Mkubwa vikafunguka, vikapanda juu, na Honi hakuhitaji masikio. Kule ndani palikuwa na bidhaa inanadiwa, na bidhaa ni yeye. Mnada wa kwanza maishani mwake unaopigwa bila yeye kuwa juu ya kreti.

Hapana.

Akanyoosha mkono wa kushoto, akalivuta shati kutoka kwenye kiti. Likamwangukia mapajani, baridi, zito, linachuruzika. Akalikumbatia kifuani, akatafuta kifungo, akabonyeza. Ng'ambo hakuna aliyegeuka. Akabonyeza tena. Dada Mkubwa aliendelea kuongea.

Akafikiri. Kioo, alisema binti. Kioo kikikunjwa kinamulika nini? Akalikung'uta dhidi ya ukuta, maji yakaruka hadi kitandani. Bega moja akalitundika kwenye pembe ya ubao wa dirisha. Bega la pili likawa halina mahali, na mkono wake pekee ulikuwa na kazi ya kifungo. Basi akaliuma. Akaliuma kola kwa meno, akarudisha kichwa nyuma mpaka shaba yote ikatandazika, na maji ya sabuni yakamshuka kidevuni, yakaingia kwenye pajama za Dada Mkubwa zilizopigwa pasi. Nusu mtu, dirishani, na shati mdomoni kama mbwa aliyekamata mwizi. Akabonyeza kwa nguvu zake zote.

Redio ikasema.

Ilisema kwa mikwaruzo, maana shati lilikuwa limelowa, lakini ilisema: yule yule msoma habari mnyonge, alikuwa kwenye matokeo ya mpira. Vichwa vyote vikageuka. Honi akaishikilia sauti ile kwa kadiri ya nyundo, akaiachia. Hiyo ya kwanza.

Akabonyeza tena, kwa mwendo ule ule. Ya pili.

Kisha akanyamaza.

Hakuna mtu wa ukoo ule asiyeujua mwendo huo. Mkono Juu alikuwa wa kwanza. Akatoka hadi katikati ya mlango, akasimama, akainua mkono wa kulia juu kabisa, akauacha huko huko. Safari hii hakutazama pembeni. Alitazama dirishani.

Na hapo ndipo ninapompendea Honi. Angeweza kupiga ya tatu. Meno yalikuwa yanamuuma, shingo inatetemeka, kola inateleza. Lakini alikuwa hajatazama safu ya nyuma. Akahamisha macho kutoka kwa mkewe, akayapeleka kwa dada yake, akasubiri.

Dada Mkubwa alikuwa ametoka barabarani. Akainua uso, akamwona mdogo wake, akaliona shati, akauona na mto wa shaba kifuani mwa shati unavyometa kwa maji. Mkono wake wa kulia ukaanza kupanda. Honi aliufuata kwa macho, maana huo ulikuwa mkono wa mnunuzi halali: ndio uliomlisha uji na kumfuta kamasi. Ukapanda hadi begani, ukafika kichwani, ukakikaza kilemba. Ukashuka. Ukakutana na mwenzake, yote miwili ikakunjwa kifuani.

Ya tatu ilitoka ndefu kupita zote, na msoma habari alitaja bao zima ndani yake.

"Imekwenda," akasema mdogo mtu, bila kukusudia. Alibeba mizigo ya mnada nusu ya maisha yake, mdomo ulijifungua wenyewe.

Mpita njia mmoja akauliza kimeuzwa nini. Mkono Juu akamjibu, mkono bado uko juu, "Mume." Akaulizwa kauziwa nani. "Mimi," akasema. "Na sasa naushusha."

Dada Mkubwa alipanda ngazi peke yake. Akamkuta Honi anahema, shati limemlalia magotini, dimbwi sakafuni. Akachukua kitambaa akaanza kukausha, maana alikuwa yeye.

"Kuniambia kwamba ni shati ingewagharimu nini?" akasema akiwa ameinama. "Haya, kaa. Lakini hukai hapa ukinuka, mimi nikiwa hai. Nitamwambia wifi akushonee la kubadilisha."

Honi akamtazama. Alikuwa amefunga mdomo tangu hospitali, na kiapo chake alikuwa bado nacho. Lakini bei iliyotajwa ilikuwa ndogo, na dalali haruhusu bei ndogo ipite. Mdomo ukafunguka. Likatoka lile bomba, mguno, upepo, mate, mbele ya mtu, na yeye akalisukuma mpaka likawa neno.

"Ma... wili."

Dada Mkubwa akanyanyuka taratibu, kitambaa kinadondosha maji kiatuni mwake.

"Mawili," akasema. "Sawa. Wala siongezi."

Yakashonwa mawili, na Dada Mkubwa akayakagua mishono kabla ya kupanda basi. Honi yupo dirishani hadi leo. Na yule msoma habari wa kilimani bado anasoma kwa upole wake, hana habari kwamba katika mtaa fulani sauti yake inatumwa kuitisha bakuli la haja ndogo. Siku akijua, akitaka kuja kushtaki, aje. Atamkuta Honi mwenyewe, kidole kwenye kifungo.